Inanga na Majonzi ya Waliovuka Mpaka: Katumba na Mishamo katika Historia ya Mpanda

Muziki wa chemba, yaani muziki unaotungwa kwa ajili ya wapigaji wachache na wasikilizaji walioketi karibu, una tungo nyingi za huzuni, na mojawapo inayofahamika sana ni Elegi ya Mfaransa Gabriel Fauré, iliyotungwa mwaka 1880 kwa ajili ya piano na sello, ala kubwa ya nyuzi nne inayopigwa kwa upinde. Humo hakuna mwimbaji. Uzi wa sello ndio unaoomboleza. Katika nchi ya Mpanda, magharibi mwa Tanzania, urithi ulio karibu zaidi na sanaa hiyo ni ule wa watu waliotoka Burundi.

Mauaji yaliyoanza huko mwishoni mwa Aprili 1972, ambayo yaliwaandama hasa Wahutu wenye elimu, yaliwafanya makumi ya maelfu ya watu wakimbilie Tanzania, na serikali, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ikawapa ardhi ya kufyeka na kulima huko Katumba kuanzia mwaka 1973 na Mishamo kuanzia mwaka 1978. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta wakiisimulia historia ya maafa yao mara kwa mara, kana kwamba kuikumbuka ni wajibu.

Jamii hiyo ina indingidi, ala ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde kama sello. Lakini sanaa yake ya ndani kabisa ni inanga. Inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na uvungu, ambao juu yake uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi hadi ukawa mistari sita, minane au zaidi, na mpigaji huidonoa kwa vidole huku akinong'ona maneno badala ya kuyaimba. Kirundi ni lugha ambayo maana ya neno hutegemea pia kupanda na kushuka kwa sauti, na mnong'ono hauwezi kupanda wala kushuka. Kwa hiyo uzi hutoa sauti ambayo kinywa hakiitoi, na sikio huviunganisha viwili hivyo hata msikilizaji akadhani kwamba mtu anaimba. Mtafiti Cornelia Fales ameueleza ufundi huu kwa kina, nao unastahili kuhesabiwa miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa muziki wa Afrika, kwa kuwa umempa mtu njia ya kusema jambo zito bila kupaza sauti.

Warundi wapatao 162,000 wa kizazi hicho na wazao wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa hiyo inanga sasa ni sehemu ya utamaduni wa Watanzania. Waliovuka mpaka wakiwa watu wazima wamekwisha kupita umri wa miaka sabini. Vyuo vikuu na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo vinapaswa kwenda Katumba na Mishamo kuwasikiliza na kuwarekodi wakingali hai.