Swali la Diane Nash

Diane Nash, mzaliwa wa Chicago, alihamia Chuo Kikuu cha Fisk mjini Nashville mwaka 1959. Huko Kusini mwa Marekani alikuta ubaguzi asiouzoea: migahawa ya madukani ilipokea pesa za Weusi lakini ikawakataza kuketi na kula.

Akajiunga na mafunzo ya kupinga ubaguzi bila vurugu yaliyoongozwa na mwanaharakati James Lawson, ambako wanafunzi walijizoeza kutukanwa na kusukumwa bila kurudisha pigo. Februari 1960 waliingia madukani, wakaketi, wakaagiza chakula. Walipigwa, wakakamatwa. Nash na wenzake walikataa kulipa faini, wakachagua jela. Ujasiri mkubwa kweli kwa binti wa miaka 21.

Aprili 19 bomu lilibomoa nyumba ya wakili wao, Z. Alexander Looby. Siku hiyohiyo maelfu waliandamana kimyakimya hadi makao ya serikali ya jiji, na hapo Nash akamuuliza Meya Ben West, mbele ya umati, kama ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake.

Meya alikiri kuwa si haki.

Mei 10 migahawa ya maduka sita ilianza kuwahudumia Weusi. Mwaka uliofuata, Wasafiri wa Uhuru, waliopanda mabasi kupinga ubaguzi, waliposhambuliwa Alabama, Nash ndiye aliyeratibu wanafunzi wa Nashville kuendeleza safari. Baadhi yao waliandika wosia kabla ya kupanda basi.