Herufi Moja, Baiti Mbili

Kiisenye, lugha ya huku Issenye wilayani Serengeti, ambayo wataalamu huihesabu pamoja na Kiikoma na Kinata, kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Irabu hizo mbili za ziada ndizo zilizonifanya niitazame upya historia ya kompyuta.

ASCII, iliyowekwa Marekani mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu. Kiswahili kilienea humo bila shida. Ɛ na ɔ zilibaki nje. Mwaka 1991 Unicode ikatoka, nazo zikapata namba zao. Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, ambamo a huchukua baiti moja, na ɛ mbili.

Hapo ndipo penye mtihani. Katika lugha ya C, strlen huhesabu baiti, si herufi; ukikata neno kwa hesabu hiyo, waweza kuipasua ɛ katikati. Dawa ilikwisha wekwa katika kanuni za C za mwaka 1989: mbstowcs, inayogeuza mfuatano wa baiti kuwa wa herufi pana, kila herufi chumbani mwake. Lakini sharti kwanza setlocale iiambie programu kwamba maandishi ni ya UTF-8. Ama sivyo, usitarajie ɛ itambuliwe.

Jambo hili si dogo, ndugu msomaji. Jina la babu likiandikwa kwa irabu isiyo yake, mjukuu hurithi jina jingine. Mashine huhesabu ilivyoagizwa; kuiambia tunasema lugha gani ni juu yetu.