Nati kwenye ncha za vidole

Umekanika nilifundishwa na mzee mmoja tuliyemwita Fundi. Siku ya kwanza alinipa nati ya namba 10 niifunge kwenye bolti iliyojificha nyuma ya injini, mahali mkono unafika lakini jicho halifiki. Ikanidondoka mara tatu. Akaingiza mkono wake, nati imekaa kwenye ncha za vidole vitatu, akaizungusha kwanza kinyume mpaka tukasikia "tik": uzi umekutana na uzi. Ndipo akaanza kuikaza. "Kushika kila mtu anashika, mwanangu," aliniambia. "Kazi ni kuigeuza bila kuiachia."

Maneno yale niliyakuta tena nilipoanza kusoma historia ya mikono ya roboti. Unimate, roboti iliyoingia kiwanda cha General Motors mwaka 1961, ilikuwa na koleo tu. Koleo hubana vizuri, ila ukitaka kitu kigeuke, sharti mkono mzima ugeuke nacho. Miaka ya 1970, Mjapani Okada aliunda mkono wa vidole vitatu na viungo 11. Moja ya kazi alizoupa ni kufunga nati kwenye bolti. Niliposoma hapo nilimkumbuka Fundi, nikafunika kitabu kwa muda.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Kenneth Salisbury wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyebuni mkono wake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitu kilichoshikwa kina namna sita za kusogea: tatu za kwenda, tatu za kuzunguka. Alipiga hesabu zake akatoka na vidole vitatu, kila kimoja kina viungo vitatu. Kila kidole alikipa kebo nne, si tatu, kwa sababu kebo huvuta tu, haijui kusukuma. Vidole hivyo vilikuwa na kazi mbili kwa mpigo: kukandamizana ili kitu kisiteleze, na kukisukuma kiende kinakotakiwa. Zidisha kubana, yai linapasuka, legeza, linadondoka.

Mzunguko mzima ndio mgumu zaidi, maana kila kidole kina mwisho wake. Lazima kimoja kiachie, kirudi nyuma, kishike upya, na vingine vikiwa vimebeba mzigo. Ni kupokezana, na hapo ndipo nati yangu ilipokuwa ikianguka.

Mwaka 2019 kampuni ya OpenAI ilionyesha mkono wa vidole vitano, uliotengenezwa na kampuni ya Shadow ya London, ukipanga rangi za mchemraba wa Rubik peke yake. Ulikuwa umefunzwa ndani ya kompyuta, uzito na msuguano vikibadilishwa tena na tena ili usizoee hali moja. Jibu la fumbo lilitolewa na programu ya kawaida. Hilo lilikuwa jepesi. Kilichokuwa kigumu ni kuugeuza mchemraba kiganjani usianguke, na ulipovurugwa kwa kiwango cha juu kabisa, mkono ule ulifaulu mara 2 katika kila majaribio 10.