Nasaba ya Kuchi, Kishingo na Kidimu

Alasiri, jua lilipoanza kuinama nyuma ya minazi, bibi yangu alikuwa na ada ya kuketi kibarazani na ungo wa chenga za mchele mapajani, akawaita kuku wake kwa mlio mmoja wa ulimi. Nao walipokuja mbio kutoka vichakani na kutoka chini ya ghala, hakuwahesabu kwa idadi bali kwa jadi, akisema huyu ni mwana wa kuchi, yule ni kishingo aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mto, yule pale mwenye manyoya yaliyopinda kuelekea kichwani ni kidimu, na yule asiye na mkia ni kibutu wa kina shangazi. Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani hayo ni maneno ya kujifurahisha mtu mzima. Sasa najua ya kuwa bibi, ambaye hakupata kushika kalamu, alikuwa akisoma kwa sauti kitabu cha safari za bahari, na kila alasiri alirudia sura zile zile ili zisisahaulike.

Kuku si kiumbe wa asili ya nchi zetu. Babu yake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na mifupa ya kale kuliko yote inayotambulikana kwa yakini kuwa ya kuku wa kufugwa imefukuliwa Ban Non Wat, katika Thailand ya leo, mahali ambapo watu walilima mpunga na nafaka nyingine kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Masihi. Yaelekea ndege yule alitoka msituni kwa kufuata nafaka iliyomwagika, akakaribia makazi ya watu hatua kwa hatua, hata akawa mwenyeji. Kutoka huko alisafiri kwa nchi kavu na kwa bahari, na katika pwani yetu ishara zake zimo katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, na ya Unguja Ukuu, ambako mifupa yake imepatikana katika tabaka za karne ya 8. Alikuja na pepo za kaskazi, kama zilivyokuja shanga na vyungu vya rangi, akiwa ndani ya tundu juu ya sitaha, riziki ya mabaharia kwa safari ya majuma mengi. Na aliyesalimika na kisu cha mpishi alishuka pwani, akachakura mchanga mgeni, akataga. Ibn Battuta alipopita Makdishu mwaka 1331, akakirimiwa kwa ada ya mji ule, aliwekewa sinia ya wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kwa hiyo kuku alikuwa amekwisha kuwa chakula cha heshima ya mgeni katika pwani hii zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Mreno kuonekana.

Wachunguzi wa nasaba waliopima damu ya kuku wa Tanzania wamekuta ndani yake ukoo wa akina mama wa namna mbili, mmoja ukielekea Asia ya Kusini-Mashariki na mwingine Bara Hindi. Nami sioni ajabu, kwa maana mtu akimtazama kuchi kwa jicho la makini, ushahidi umesimama mbele yake kwa miguu miwili: shingo ndefu iliyonyooka, kifua kilichoinuliwa, manyoya machache yaliyoshikamana na mwili, undu mdogo uliobanana na kichwa, na kipi kikali mguuni, umbo ambalo ni la majogoo wa vita wa Asia ya mashariki, jamaa ya wale ambao Wajapani huwaita Shamo. Jogoo wa kuchi aliyekomaa hupita kilo mbili na nusu, ilhali jogoo wa Ching'wekwe, yule mfupi wa bara, hupita kidogo tu kilo moja na nusu. Kuwaita wote hawa kwa neno moja, kuku wa kienyeji, kana kwamba ni kitu kimoja kisicho na tofauti, ni dhuluma ya lugha, na dhuluma hiyo imetugharimu.

Maarifa ya kuwatunza na kuwachanganya yalikuwa mikononi mwa wanawake, na yalikuwa na sheria zake. Bibi alishikilia kuwa kidimu haozwi kidimu. Hakutoa sababu, ila alisema watoto wao huzaliwa na aibu. Na elimu ya urithi imekuja kueleza aibu hiyo ni ipi, kwa kuwa mpindo wa manyoya ukirithiwa kwa baba na kwa mama pamoja, kama inavyotokea kwa robo ya vifaranga wa namna hiyo, manyoya hutoka dhaifu, hukatika, na ndege hubaki karibu uchi, akiteseka kwa jua na kwa mvua. Ama kishingo, huyo alimpenda kwa sababu ya joto letu, maana asiye na manyoya shingoni hupoa upesi kuliko wenzake. Alijua kumtambua kwa alama ndogo: kishingo mwenye kishada cha manyoya juu ya kidari amerithi shingo tupu kwa mzazi mmoja tu, na akipandwa na jogoo wa shingo yenye manyoya, nusu ya watoto, kwa kukadiria, humfuata mama na nusu humfuata baba, lakini yule ambaye shingo yake ni tupu kabisa, bila kishada, wanawe wote watakuwa kishingo, hata apandwe na jogoo gani. Kwa hiyo alipotaka kueneza kishingo kijijini alitoa jogoo asiye na kishada, na jirani aliyempokea alijua thamani ya hidaya ile.

Wakati wa utawala wa Waingereza, na baada yake, ndipo walipoletwa kuku wa mashamba ya serikali: Leghorn mweupe, Light Sussex, Australorp mweusi, na zaidi ya wote Rhode Island Red, aliyetolewa kwa wafugaji kwa ahadi ya kuboresha mbegu. Huyu wa mwisho ana hadithi ambayo ningependa kila mfugaji aijue. Mwaka 1854 mtu mmoja wa Little Compton, jimbo la Rhode Island, jina lake William Tripp, alinunua kwa baharia katika bandari ya New Bedford jogoo mwekundu wa Kimalay, akamchanganya na mitetea yake ya nyumbani. Na katika damu ile, pamoja na nyingine zilizoongezwa baadaye, ndimo alimotoka kuku mwekundu mashuhuri wa Marekani. Yaani mgeni aliyeletwa kumrekebisha kuchi alikuwa na damu ya majogoo warefu wa Asia, jamaa za kuchi mwenyewe, waliopanda jahazi jingine.

Sisemi kuwa kuchanganya ni haramu. Kuku wa pwani amekuwa chotara tangu tundu la kwanza lifunguliwe Shanga. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mtago mmoja, huatamia siku 21, hulea, na kwa mwaka hafiki mbali. Chotara wa kwanza hukua upesi na hutaga zaidi, na mwanamke mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kulaumiwa kwa kumtaka. Kosa lilikuwa katika namna ya kufanya. Mathalan nchini Kenya, katika mpango ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, mfugaji alitoa majogoo wake akapewa wa kisasa badala yao. Na kwingineko wakulima walihimizwa kuwachinja majogoo wa zamani wasiharibu mbegu mpya. Uzao wa kwanza ulipendeza. Lakini chotara akipandana na chotara, sifa hutawanyika, huyu akichukua hiki na yule akikosa kile, na hasara ya kwanza kuonekana aghalabu ni ya kuatamia, kwa kuwa Leghorn na wenzake wamechaguliwa kwa muda mrefu wasilalie mayai. Na kijiji kisicho na mashine ya kutotolea, mtetea akiyaacha mayai yake, hakina vifaranga. Mtu alipotaka kurudi kwenye asili, jogoo wa asili alikuwa amekwisha liwa.

Wala haifai kumsifu kuku wetu kwa uwongo. Wasemao kuwa haugui hawajaona kideri kikipita kijijini. Maradhi hayo yaliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1935, huko Mombasa, na tangu hapo yamekuwa yakifagia mabanda, ya kuchi na ya wageni pasipo ubaguzi. Na chanjo ya tone moja jichoni, iitwayo I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, imeokoa mbegu za kale kuliko hotuba nyingi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema watu, na kwa bibi yangu kifungo kile kilikuwa na kazi mbili. Mtetea wa kuchi aliyenunuliwa alifungwa kwa kipande cha kanga karibu na mlango wa jiko hata akazoea nyumba. Kisha aliwekwa kizimbani na jogoo wa kuchi peke yake, kwa maana bibi aliamini kuwa kuku huja na siri ya jogoo wa alikotoka, na ni kweli, mbegu ya jogoo wa zamani huweza kuishi ndani ya mtetea kwa majuma mawili, hata matatu. Mayai ya siku hizo tuliyala sisi watoto. Ijumaa ya nne alikuwa akilifungua tundu, akalichukua yai la siku ile, akalichora msalaba mdogo kwa kaa la jikoni, akalilaza katika chungu chenye mchanga mkavu, la kwanza katika yale yatakayoatamiwa.