Kabla ya kununua trakteri: mashini zilizopita kwenye udongo wa Katanga



Katika mkutano wa mwisho hapa Naviundu, swali lilikuwa moja tu. Akiba ya mfuko wetu, ile tuliyoweka kidogo kidogo tangu turudi kutoka Zambia, tununue nayo trakteri ya mtumba pamoja na mashini ya kukatakata mahindi ya silaji, ao hapana? Kijana mmoja alisema trakteri ndiyo maendeleo. Mama mmoja akamjibu: "Ile mashini inakunywaka mazutu kuliko bwana yangu anakunywaka Simba." Tulicheka, lakini hatukuamua. Sisi tunaofanya kazi ya shirika huko mashambani tuliombwa kuandika historia ya jambo hili, ili siku ya kura kila mtu ajue mashini zilizotutangulia ziliishia wapi.

Tuanze na silaji yenyewe, maana wengine waliuliza kama ni dawa. Silaji ni malisho mabichi yaliyokatwa vipande vidogo, sentimeta 1 ao 2, yakakanyagwa sana mpaka hewa itoke, yakafunikwa kwa plastiki. Humo ndani vijidudu vinageuza sukari ya majani kuwa uchachu, na uchachu huo ndio unaozuia kuoza. Mwenye kujua kutengeneza munkoyo amekwisha kuelewa nusu ya kazi. Baada ya wiki tatu hivi chakula kiko tayari, na kisipofunuliwa kinakaa miezi mingi. Kwetu mvua inaanza Novemba na kuisha Aprili. Kutoka Mei mpaka Oktoba majani yanakauka, moto unapita, ng'ombe na mbuzi wanakonda, maziwa yanakatika. Silaji ni kuweka majani ya Februari kwa ajili ya Septemba.

Kazi hii haikuzaliwa na trakteri. Mfaransa Auguste Goffart aliandika kitabu chake juu ya kuhifadhi mahindi mabichi mwaka 1877, wakati trakteri za leo hazijakuwako. Watu walikata, wakapanga shimoni, wakakanyaga. Mashini zilifuata baadaye: ya kukata, ya kubeba, ya kukandamiza. Tulishike hilo, tutalirudia.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1910 reli ilifika hapa kutoka kusini na mji wa Elisabethville ukaanza. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911. Wafanyakazi walitaka kula. Serikali ya Ubelgiji ilileta wakulima Wabelgiji na kuwaweka karibu na mji; mpango huo ulisimamiwa na Émile Leplae, mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni. Haukudumu. Gharama zilikuwa kubwa, magonjwa yaliwapiga wanyama, na baada ya miaka michache wengi waliacha mashamba. Bunga la wafanyakazi likaendelea kupanda treni kutoka Rhodesia. Ndugu, tunapolalamika leo kwamba bukari yetu inatoka Zambia, tujue kwamba desturi hiyo ina umri wa mji wenyewe.

Mwaka 1917 utawala ulileta kilimo cha lazima, na Leplae huyo huyo alikuwa mtetezi wake. Mababu zetu walilazimishwa kulima kwa jembe la mkono. Kwa hiyo mashini ya kwanza ya kilimo cha Kongo ilikuwa mkono wa mtu, na mazutu yake ilikuwa hofu. Pengine ndiyo sababu trakteri inatuvuta moyo hivi: mtu aliyeona mgongo wa babu yake hawezi kupenda jembe.

Lakini mashini kubwa peke yake haiponyi. Majirani zetu wa Tanzania wanajua jina la Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mpango wa karanga, wakaleta mabuldoza na trakteri nyingi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa trakteri. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, ukalamba vyuma. Mafundi walikuwa wachache, piyesi zilikuwa mbali, mvua haikuja vile walivyoandika ofisini. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, pauni milioni 36 hivi zimepotea. Pesa haikukosekana pale. Walichokosa ni kujaribu kidogo kwanza.

Kwetu, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zaïrianisation. Mashamba na biashara za wageni zikagawiwa kwa wenyeji, na wengi waliopewa hawakuwa wakulima. Walikuta trakteri zinatembea. Waliziendesha mpaka zikasimama, halafu wakauza magurudumu. Trakteri iliyopatikana bila jasho haikuwa na mtu wa kuibadilishia mafuta.

Tuseme pia mazuri. Mwaka 1972 ulianza Mpango wa Taifa wa Mahindi, makao yake yakiwa hapa Lubumbashi, pamoja na watafiti wa CIMMYT. Hapo ndipo zilipotoka mbegu kama Kasai 1 na Shaba 1, jina la jimbo letu la wakati ule. Mbegu haidai mazutu. Inaingia mfukoni mwa mama, inavuka mto, inapandwa. Gécamines nayo ilikuwa na tawi lake la maendeleo lililolima na kufuga, lakini ilibebwa na shaba. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata 50,000. Mama akikauka titi, mtoto hanyonyi. Kati ya miaka 2007 na 2015, chini ya gavana Moïse Katumbi, makampuni ya migodi yalitakiwa kulima hektari 500 kila moja. Hata hivyo mwaka 2016, Zambia ilipobana mahindi yake, bei ya bunga iliruka hapa mjini, na wote tunakumbuka foleni zile.

Sisi wenyewe, katika mwaka wa kwanza wa kazi, tulikuta trakteri chini ya mwembe katika kijiji kimoja upande wa Pweto, kati ya watu waliorudi kutoka kambi za Kala na Mwange. Mradi fulani uliitoa, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Chujio moja ya mafuta iliziba. Ya kubadilisha haikupatikana pale. Kuku walikuwa wanataga chini ya kiti. Mzee wa kijiji alituambia bila hasira: "Walitupatia mutoto, hawakutuambia anakulaka nini." Tangu siku ile, kila tunapoandika ombi la msaada wa mashini, tunajiuliza swali la mzee.

Basi historia inatufundisha nini? Hatusemi trakteri ni mbaya. Kila trakteri iliyokufa katika habari hii ilikufa kwa mambo manne: piyesi, mazutu, fundi, na mwenyewe asiyejulikana. Siku ya kura tuulize hayo manne kwanza. Nani atalala na ufunguo? Ikivunjika Machi, wakati mahindi yako tayari kukatwa, tutangoja piyesi siku ngapi? Mahindi ya silaji hayangoji: yanakatwa punje zikiwa zimeanza kutoka maziwa kuwa unga laini. Ukikamata konzi ya yaliyokatwa, maji yakitiririka vidoleni ni mapema. Yakifunguka haraka kama nyasi kavu, umechelewa. Nafasi hiyo ni siku chache tu.

Kuna swali lingine, na ndilo zito. Tutakata mahindi mabichi tuwape ng'ombe, katika mji ambamo mtoto wa jirani analala bila bukari? Mama mmoja aliuliza hivyo na ukumbi ukanyamaza. Jibu letu ni hili: tuuze ama tule mahindi mabichi, halafu mabua yakiwa bado ya kijani tuyakate siku ile ile. Hayana nguvu sawa na mahindi yenye punje, lakini yanapita nyasi kavu za Agosti. Matete ya tembo na mtama vinafaa pia. Hivyo ng'ombe hamnyang'anyi mtoto.

Maoni yetu, na kura ni yenu: tuanze na mashini ndogo ya kukatia yenye moteri yake, ile fundi wa pale barabara ya Kasenga anaweza kuifungua na kuifunga. Trakteri ya kulimia tuikodi kwa siku. Kukandamiza tufanye kwa miguu, ndani ya mapipa na mifuko mizito ya plastiki, vile walivyokanyaga watu wa Goffart. Tukimaliza misimu miwili bila deni, trakteri tuizungumze tena. Na mambo mawili ya usalama: mashini inayokata bua haiulizi kama ni kidole, kwa hiyo mtoto asikaribie na kifuniko kisitolewe, na maji machungu yanayotoka kwenye silaji yasiachwe yateremke mtoni Naviundu, maana yanaua samaki na wenzetu wa bustani wanamwagilia pale.

Tulirudi kutoka Zambia na mabegi machache, na mfuko huu tuliujaza sisi wenyewe, franka kwa franka. Hakuna mradi utakaotupatia mwingine. Njooni mkutanoni, kila mtu na neno lake, na mwenye kujua bei ya chujio ya mafuta aje nayo imeandikwa.