Dawa ya Ebola Iliyothibitishwa Beni na Butembo

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, magharibi mwa mji wa Beni. Kwa watu wa Mbau na Oicha, waliokwisha kuzika wengi kwa mauaji ya waasi, lilikuwa pigo juu ya pigo. Mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Katika msiba huohuo ndipo zilipopatikana dawa za kwanza duniani zilizothibitika kuitibu Ebola.

Chimbuko la mojawapo ni mji wa Kikwit, Ebola ilipozuka huko mwaka 1995. Huko Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakushawishika. Miaka 11 baadaye, mmoja wa manusura wa Kikwit alitoa damu yake, nayo ilikuwa bado na kingamwili za Ebola. Kutoka humo ikapatikana kingamwili iliyopewa jina mAb114.

Inafanyaje kazi? Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia: kwa watoto wenye ugonjwa wa kurithi uitwao Niemann-Pick C. Ni ugonjwa adimu. Mtoto huzaliwa na jeni yenye kasoro, mara nyingi ile ya NPC1 iliyotambuliwa mwaka 1997. Mafuta hurundikana ndani ya seli zake, na polepole hupoteza uwezo wa kutembea na kusema. Mwaka 2011 watafiti walitia Ebola kwenye seli zilizotoka kwa wagonjwa hawa. Virusi vikashindwa kuziambukiza.

Kumbe protini itokanayo na jeni hiyo ya NPC1 ndiyo mlango wa virusi hivyo. Kirusi cha Ebola kimefunikwa na protini iliyovishwa minyororo ya sukari, na sukari hiyo huisitiri sehemu yake ya kushikia. Kikishamezwa na seli, vimeng'enya vya seli yenyewe hukata kifuniko hicho cha sukari. Hapo sehemu ile hubaki wazi na kuikamata NPC1. mAb114 hukaa papo hapo na kuuziba mlango.

Novemba 2018 jaribio lilianza, likapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walishiriki, huku vituo vya Katwa na Butembo vikishambuliwa na kuchomwa moto mapema 2019. mAb114 ilitolewa mara moja tu, kwa mshipa. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu jibu lilikuwa wazi: kati ya waliopewa dawa ya kulinganishia, ZMapp, karibu nusu walifariki; kwa mAb114 ilikuwa asilimia 35, na kwa dawa nyingine iliyojaribiwa, REGN-EB3, asilimia 33.5. Waliowahi hospitali walipona kwa wingi zaidi.

Marekani iliziidhinisha mAb114 na REGN-EB3 mwishoni mwa 2020, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza mwaka 2022. Wagonjwa wa Beni na Butembo ndio waliozithibitisha, wengi wao kwa gharama ya uhai. Ni haki dawa hizo ziwekwe akiba hukuhuku, katika hospitali zetu, kabla Ebola haijabisha hodi tena.