Barbie ya zamani ndani ya boksi: Jinsi ya kuijua thamani yake

Mdoli wa Barbie wenye mwaka 1966 mgongoni si lazima uwe ulitengenezwa mwaka huo. Kusoma vibaya namba hiyo kunatosha kumfanya mnunuzi apigwe bei, au muuzaji akatae hela nzuri akisubiri utajiri ambao hauji.

Kwa wakazi wa Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, jambo hili si la mbali. Mitumba inayouzwa Sabasaba mjini na kwenye mnada wa Msalato si nguo na viatu tu. Midoli nayo hutokea humo. Mingine ni zawadi kutoka kwa ndugu walioko nje, iliyokaa juu ya kabati miaka mingi bila kufunguliwa. Hiyo ya kwenye kabati ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu bado ina boksi.

Ilikotoka

Barbie ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1959, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini New York, Marekani. Aliyeibuni ni Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mattel, baada ya kuona mdoli wa Kijerumani ulioitwa Bild Lilli. Dukani iliuzwa dola 3.

Toleo hilo la kwanza lina vazi la kuogelea la mistari myeusi na myeupe, na matundu kwenye nyayo za kuchomekea stendi. Likiwa zima na lina boksi lake, huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini tahadhari: mwaka 1994 Mattel yenyewe ilitoa nakala ya mdoli huo kuadhimisha miaka 35. Nakala si feki, ila bei yake iko chini sana.

Mwaka 1968 alikuja Christie, rafiki mweusi wa Barbie. Mdoli mweusi ulioitwa Barbie wenyewe ulitoka mwaka 1980, kazi ya mbunifu Kitty Black Perkins. Mwaka huohuo ulianza mfululizo wa Barbie za nchi mbalimbali, na miaka ya 1990 ikatoka ya Kenya: nywele fupi kabisa, vazi jekundu na shanga, kwa kuiga mavazi ya Kimasai.

Namba ya mgongoni inasema nini

Mwaka ulioandikwa mgongoni ni wa haki miliki ya umbo la mwili, si wa kutengenezwa. Umbo la 1966 liliendelea kutumika kwa miongo kadhaa, hivyo mdoli wa miaka ya 1990 unaweza kuwa na namba hiyohiyo. Vilevile, mwaka 1976 nyuma ya kichwa ni wa umbo la kichwa.

Nchi ya kutengenezwa husaidia zaidi. Barbie za mwanzo zilitoka Japani. Zilizoandikwa Malaysia, China au Indonesia ni za miaka ya baadaye.

Ushahidi ulio bora ni boksi. Lina jina la toleo, namba ya bidhaa na mwaka wake. Ndiyo maana mdoli bila boksi huwa na maswali mengi, na mdoli wenye boksi hujieleza wenyewe.

Kwa nini boksi lina bei

Watoto hulichana boksi siku ileile ya zawadi. Yaliyobaki mazima ni machache, na wakusanyaji hulipia uchache huo. Mara nyingi mdoli ukishatolewa hupoteza nusu ya bei yake au zaidi, hata kama haujachezewa.

Kwenye matangazo ya mtandaoni, herufi NRFB humaanisha mdoli haujawahi kutolewa kwenye boksi. Herufi MIB humaanisha mdoli ni mzima na boksi lipo, ila huenda uliwahi kutolewa.

Kabla ya kuamini herufi hizo, mnunuzi huangalia:

• Nyuzi au vibanio vinavyoushika mdoli kwenye kadibodi: viko kama vilivyotoka kiwandani?
• Gundi na selotepu: kuna dalili boksi lilifunguliwa likafungwa upya?
• Viatu, kitana, stendi na kijitabu: vyote vipo?
• Dirisha la plastiki na kona: limepasuka, zimekunjamana, kuna stika ya bei iliyobanduliwa?
• Masikio: yana ukijani? Hereni za madini kwenye midoli ya zamani huacha doa hilo.
• Miguu: inanata? Plastiki ya zamani hutoa majimaji ikizeeka.

Kukaa muda mrefu si kupanda bei

Mwaka 1988 Mattel ilianza kutoa Barbie maalumu za sikukuu ya Krismasi. Ile ya kwanza ilipanda bei sana, na watu wengi wakaanza kununua za miaka iliyofuata na kuzificha bila kufungua. Kwa kuwa kila mtu alitunza, hazikuwa adimu tena. Leo nyingi kati ya hizo huuzwa kwa makumi machache tu ya dola.

Kwa upande mwingine, Barbie moja iliuzwa dola 302,500 kwenye mnada wa Christie's jijini New York mwaka 2010. Kilichoipandisha ni mkufu wa almasi uliotengenezwa na sonara Stefano Canturi, na mnada ulikuwa wa hisani. Bei hiyo haimhusu mwenye Barbie ya kawaida.

Bei halisi ni ipi

Bei anayotaka muuzaji mtandaoni si bei ya soko. Mtu anaweza kuandika dola 1,000 na tangazo likakaa miaka. Kwenye tovuti za minada kama eBay, kuna sehemu ya kuchagua vitu vilivyokwisha kuuzwa. Hapo ndipo pa kulinganisha: toleo lilelile, hali ileile.

Kisha hutolewa gharama ya posta, ambayo kwa boksi kubwa inaweza kumeza faida yote. Anayeomba "ada ya uthamini" kwanza, au namba ya siri ya simu, si mnunuzi.

Kuitunza Dodoma

Jua hufifisha rangi ya boksi, na vumbi la kiangazi huingia kila upenyo. Chini ya bati joto ni kali, na plastiki hulainika. Boksi likae ndani ya kasha lenye kifuniko, mahali pa kivuli na pakavu, bila mzigo juu yake. Selotepu mpya juu ya kona iliyochanika huongeza hasara.

Mwanasesere asiye na boksi

Tanzania ina wanasesere wa kale zaidi. Wazaramo, Wakwere na jirani zao huchonga mwana hiti, umbo dogo la mti lisilo na mikono, linalotumika katika unyago wa mwali. Makumbusho na wakusanyaji wa nje huithamini sana.

Hapa boksi ni historia: nani alichonga, familia gani ilitumia, wapi. Mwana hiti ikiuzwa bila maelezo hayo, kinachoondoka ni kipande cha mti tu. Na hii si Barbie: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya jadi, hivyo kukipeleka kitu kama hicho nje ya nchi kunahitaji kibali. Mwenye nayo aandike historia yake kwanza, wazee wakiwa bado wapo wa kuulizwa.